Tiara ya Vitambaa vya Mwavuli

Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alirudi Kasongo kutoka Uvira, alikokwenda kununua bidhaa za duka lake, akiwa na habari moja tu mdomoni. Ufukweni mwa ziwa alikuwa amemwona mtu akivutwa mchangani na tiara kubwa yenye kamba mbili, anaigeuza kushoto na kulia anavyotaka. Alitaka na sisi tuwe na yetu. Mimi ni mshonaji sokoni, kwa hiyo nilijua kazi itaniangukia.

Tulikusanya miavuli iliyovunjika, nikaifumua, nikaunga vitambaa vyake mpaka vikapata upana wa kitanda. Tulipofika kiwanja cha mpira, mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kupanda upande wa mto Lualaba. Ili kamba zisimponyoke, yaya alizizungusha viganjani. Tiara ilipojaa upepo, ikamwangusha kifudifudi na kumburuta kwenye nyasi hadi ndani ya shamba la mihogo. Hakuweza kuziachia, zilikuwa zimemkaza. Nilimkimbilia na mkasi wangu wa kazi, nikazikata. Viganja vinatoka damu, mdomo umejaa udongo, naye anacheka.

Mama alimuosha vidonda kwa maji ya chumvi. Alipomaliza ndipo akauliza, "Ule mutu wa Uvira, tiara ikimushinda, anaiachaje?"

Yaya hilo hakuliangalia. Akampigia simu rafiki yake wa kule, naye akaenda kuuliza. Jibu lilikuwa jepesi: kamba hazizungushwi mkononi, kila moja inafungwa kwenye kijiti cha kushikia. Tena kamba ya kushoto inaunganishwa na mkanda wa mkononi. Ukiachia vijiti vyote viwili, tiara inabaki imeshikwa upande mmoja tu, inakosa upepo na kuanguka.

Nikashona mkanda mpana, unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Jirani anayechomelea vyuma alituazima glavu zake za ngozi. Mama naye akaongeza masharti yake: isiwe siku ya mawingu, isiwe karibu na nyaya wala njia ya pikipiki, na mtu yeyote asisimame upande ambao tiara itaangukia.

Kiangazi kilipofika, tulikwenda kwenye uwanda wa nyasi, nyumba za mwisho za njia ya kwenda Nyangwe zikiwa mbali nyuma yetu. Yaya aliirusha, ikamvuta hadi visigino vikachimba udongo, kisha akaachia vijiti makusudi ili mama aone. Tiara ikajikunja, ikashuka taratibu kama nguo iliyotoka kambani.

"Leta hizo glavu," mama akasema.

Alikaza kitenge chake, akaegemea nyuma. Yaya alimshika kiunoni. Tiara ilipopanda, miguu ya mama ikaanza kuteleza, na kicheko kikamtoka ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Mama, iache sasa," yaya akamwambia.

"Nitaiacha nikichoka."

Alipochoka alifungua mikono, ikaanguka pale pale alipotaka. Wapita njia walikuwa wameshuka kwenye baiskeli zao, wengine wameingia majanini, wanapiga makofi. Mama akajitia hajawasikia. Akarekebisha kilemba chake, akawaashiria warudi nyuma zaidi, maana alikuwa anairusha tena.