Geti, Avokado na Saa Tatu Kamili

Wiki jana nilialikwa kwenye karakana moja pale Kimbo, Ruiru, kuona mashine mpya ya kupiga picha za ndani ya mwili. Si ile kubwa ya hospitali, inayoweza kumkataa mtu mwenye chuma mguuni. Hii ina sumaku dhaifu kabisa, kwa hivyo wameitegea vihisi vya kwanta, vikali kiasi cha kunasa mnong'ono wa maji mwilini. Kwa sasa mgonjwa wao ni avokado.

Shida ni kwamba picha zilikuwa zinaharibika. Injinia, dada mmoja mwenye kalamu nyweleni, alikuwa ameshalaumu transfoma, malori, hata mvua. "Wiki tatu, jamani! Nimechoka."

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Madam, si ni hili geti la chuma? Kila nikilisukuma, nasikia mkilalamika huku."

Injinia akamkodolea macho. "Hebu leta kitabu cha wageni."

Akakiweka kando ya grafu ya vihisi ya asubuhi hiyo, kidole huku, kidole kule. Fundi wa stima, saa mbili na nusu: grafu imeruka. Mama wa chai, saa nne: imeruka. "Ai! Kweli ni geti!"

Kisha kidole kikasimama. "Lakini huyu wa saa tatu kamili hayuko kwenye grafu. Inaonyesha kuna mtu aliingia saa tatu na dakika arobaini."

Nikajisogeza karibu na avokado. Getini sisi wote huandika saa tuliyopatana, si saa tuliyofika.

Mlinzi hakuhitaji kusoma jina. "Madam, ni huyo amesimama karibu na avokado."