Mama Upupu na Shingo ya Wifi

Saa moja asubuhi, majani ya mshubiri yamesimama wima kwenye ndoo, pale yalipokatwa pakitazama chini, yanachuruzika utomvu wa njano. Mwenye ndoo amekaa kando kwenye kigoda, anayatazama kama mtu anayesubiri uji uchemke.

"Haya hayaharakishwi," anasema. "Niliwahi kuyaharakisha, nikapata jina."

Jina lenyewe ni Mama Upupu, na mtaa mzima haumjui kwa jingine. Jikoni kwake anatengeneza mafuta ya ngozi kwa mshubiri, mafuta ya nazi, nta ya nyuki na majani machache ya mwarobaini. Kazi alifundishwa na shangazi yake.

Mwaka jana oda zilimzidi, akasaga majani kabla utomvu haujaisha, na utomvu ule huwasha. Kopo la kwanza likaenda kwa nani kama si wifi yake, dada wa mumewe. Wifi akajipaka, akaenda kwenye mahafali ya mwanawe, akajikuna shingo mpaka waliokaa mbele wakageuka.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema, akicheka hadi machozi. Wifi ndiye aliyembandika jina. Wateja wakapukutika.

Tangu hapo ndoo haiguswi mpaka majani yaache kudondosha. Mafuta hujaribiwa kwanza kwenye mkono wake, kisha kwenye kipara cha mumewe.

"Nilitafuta mume, nikapata na maabara," anatania.

Mume, anayekunywa chai mlangoni, anajipapasa kichwa. "Kinang'aa, ila hakioti kitu."

Jumamosi binti wa wifi anaolewa, na bibi harusi hataki mafuta mengine. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama mtu akatoa sharti: atayajaribu yeye kwanza, kwenye shingo ile ile. Leo analeta majibu.

Anaingia bila hodi, anavua mtandio, anainamisha kichwa. Shingo ni laini, haina hata kipele.

"Haya, kagua," anasema. "Bibi harusi mpe kopo kubwa. Na mimi usinisahau, mama wa bibi harusi naye hutazamwa."

"Na lile jina, wifi, utaniondolea?"

"Libaki. Nimeshalizoea."

Mama Upupu anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Akipata nafasi, anataka kuchapisha lebo za makopo, na maneno ameshayachagua: Mafuta ya Mama Upupu.

"Atakayenunua kopo lenye jina hilo," anasema, "huyo kaniamini kweli. Kama wifi yangu."