Nilimjaza Mwanangu Pamba Mashavuni Asiende kwa Baba Yake

Jamani, kosa ni langu, tena sina wa kumsingizia. Naandika bila jina kwa sababu mtaa wangu wote hapa Kishapu wameshaijua habari hii, sitaki na nyinyi mnijue sura.

Nina binti mmoja, tumwite Kabula, yuko darasa la tatu. Baba yake tuliachana. Sasa yuko Geita, anachimba dhahabu, na ana mke mwingine. Wazee wa pande zote mbili walitukalisha wakaamua: mtoto asome kwangu, likizo aende kwa baba yake, ila asisafiri bila ruhusa yangu. Hiyo ruhusa nikaishika kama fimbo!

Likizo hii baba yake akapiga simu. Kaomba mapumziko ya wiki nzima mgodini ili ampeleke Kabula kwa bibi yake Chato, akaone ziwa. Mtoto hajawahi kuona ziwa. Huku kwetu maji mengi anayoyajua ni ya lambo la ng'ombe, na kiangazi hilo nalo ni tope. Alipopewa simu aliuliza kama ng'ambo inaonekana, kisha akaanza kupanga nguo kwenye mfuko.

Roho ikaniuma. Nikawaza ataenda huko, anunuliwe chipsi na soda, abembelezwe na yule mwanamke, akirudi anione mimi na ugali wangu si kitu. Au asirudi kabisa! Nikasema huyu haendi. Sababu sikuwa nayo, basi nikaitengeneza.

Nikampigia baba yake nikamwambia mtoto ana matubwitubwi, mashavu yamevimba, hawezi kupanda basi. Akasema sawa, piga video nimpe pole.

Hapo akili yangu yote ikahamia kwenye kiroba cha pamba tuliyovuna. Nikaviringisha madonge mawili, nikamjaza mtoto shavu la kulia na la kushoto. Nikampaka masizi ya sufuria kwenye taya, kama wanavyopakwa wagonjwa wa matubwitubwi. Nikamwambia tunamtania baba, wewe guna tu, keshokutwa utasafiri. Loo, mtoto aliguna vizuri mpaka baba yake akafuta machozi kwenye simu. Na mimi nikajiona mjanja!

Keshokutwa ikafika, hakusafiri. Kila jioni ikawa pamba, masizi, kuguna. Baba yake akaingiwa na hofu.

Mchana mmoja nachambua mlenda, nasikia uani, "Mwadila!" Salamu ya Kisukuma, sauti ya mama mkwe. Bibi mwenyewe kutoka Chato, na nyuma yake Baba Kabula kabeba mkungu wa ndizi. Nikapiga magoti, shikamoo mama, huku namkonyeza Kabula aingie ndani. Nikamfuata mbiombio na pamba mkononi.

Bibi alimwangalia mjukuu, akasema kwao ugonjwa huu hautibiwi ndani. Mtoto anatolewa uani, anazungushwa kwenye kinu mbele ya watu, na anaufukuza ugonjwa kwa kuutaja kwa sauti kubwa. Majirani wakaitwa. Walikuja na watoto wao, wengine na viti! Nikasema mama, apumzike kwanza, jua kali. Bibi akasema jua ndilo zuri.

Kabula akazunguka kinu, akaambiwa ataje. Akaguna. Akazunguka tena, akaguna. Bibi akamwambia taratibu kwamba ugonjwa usipofukuzwa hautoki, na asiyepona haendi kuona ziwa.

Aliposikia ziwa, mtoto alifungua mdomo wote.

"Matubwitubwi, toka!"

Yakatoka, ndugu zangu! Shavu la kulia liliangukia miguuni kwa bibi, la kushoto likatumbukia ndani ya kinu.

Kuku akaja, akalidonoa lile donge, akalikataa. Bibi akainama, akaliokota, akalivutavuta.

"Mama Kabula," akasema, "pamba si inapelekwa kwenye mizani? Mbona hii umeihifadhi humu?"

Walicheka mpaka kuna aliyeanguka na kiti chake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba Kabula hakucheka. Aliniambia bora ningesema tu kwamba sitaki. Nikamjibu ukweli, kwamba niliogopa mtoto asingerudi. Nikatoa ruhusa palepale, mbele ya watu wote. Lakini imfae nini? Wiki yake ilikuwa imeishia kwenye kusubiri na kwenye njia, na mgodini walikuwa wanamngoja. Ziwa likaahirishwa hadi likizo ijayo. Kabula alilala ameukumbatia ule mfuko wa nguo, na hakutaka niuguse.

Juzi jino limeniuma kweli, shavu likavimba. Nikamwita Kabula aniletee maji ya chumvi. Akasimama mlangoni, akanitazama.

"Mama," akasema, "tema kwanza."

Wazazi wenzangu mlioachana, mkikomoana komoaneni wenyewe, safari ya mtoto iacheni. Likizo ijayo nitamfikisha Kabula stendi mimi mwenyewe. Lakini kwa sasa, ndani ya nyumba yangu, ilibidi nipanue mdomo, mwanangu akanikagua kulia na kushoto, ndipo akaenda kuleta maji.