Makofi Tuliyompigia Elias

Elias hatacheza tena hoki ya barafu. Dada yake ametuambia leo mchana kwa simu kutoka Uswidi.

Alitukuta tunaimba.

Video ilifika jana hapa Nchelenge, Zambia, tunakoishi. Elias amelala juu ya machela, wanaume wanne wanamtoa uwanjani, na watu wote wamesimama wanampigia makofi. Mama yake mukubwa, Mama Ngoie, anayeuza samaki wakavu hapa sokoni, aliona kipoyi, kile kiti ambacho kwetu Kongo hubebewa mwami, yaani chifu.

Nami niliona hivyo hivyo. Sikumuuliza mtu, na mimi ni mwandishi wa habari, kuuliza ndiyo kazi yangu. Video niliiweka hapa kwenye ukurasa huu na neno "hongera".

Leo wamama wa kanisa wakaja kwa Mama Ngoie na ngoma.

"Wamemubeba sawa mwami! Mama Ngoie, kesho utatusalimia kweli?"

Kicheko. Simu ikalia. Mama Ngoie akaongeza sauti ya simu ili wote wamsikie dada yake Elias.

"Mama, munaimba nini? Alipigwa kichwa! Huku mutu akiumia wanamupigia makofi ya kumutia nguvu. Docteur amekataza asirudie ule muchezo."

Ngoma ikawekwa chini. Mama Ngoie hakulia. Aliuliza kitu kimoja:

"Anajua jina yake?"

"Yake anajua, mama. Yangu inamupotea."

Video nimeifuta. Kama uliisambaza, ifute nawe.

Daktari atampima tena Alhamisi asubuhi, kisha dada yake atapiga simu. Wamama wamesema watakuja wote kusubiri, bila ngoma.