Karatasi Niliyoibandua Kwenye Chupa

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu muda wote huu kuna mtu mwingine anayelibeba, na mimi nimemtazama akilibeba nikanyamaza. Jina langu sitaliandika. Lamu ni ndogo, mtanijua hata nikitaja mlango wetu tu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi hapa kisiwani, na mwenyekiti wa klabu ya mazingira. Klabu niliianzisha mwenyewe, maana uchafu ulikuwa umenichosha. Chupa za plastiki zilizagaa mitaroni na ufuoni nyuma ya mabweni, mpaka punda wakawa wanatafuna vifuniko. Nikampata mnunuzi wa Mombasa aliyekubali kutuma boti ichukue chupa zetu, kwa sharti kwamba ziwe safi na zisiwe na lebo.

Basi nikawa mkali. Ukitupa chupa mbele yangu, utasikia hotuba. Ukimwaga maji yaliyobaki, nitakwambia hiyo ni israfu na utaulizwa kesho akhera. Wenzangu wakaniita Sheikh Taka. Nami, niseme kweli, jina hilo nililipenda.

Nilikaa chumba kimoja na Swaleh, kijana wa Siyu, mcheshi, mwenye nguvu za kubeba chochote. Mambo ya mazingira hayakumshughulisha. Alijiunga na klabu kwa ajili yangu tu, akawa anabeba magunia bila kulalamika.

Ilikuwa Ramadhani. Boti ya mnunuzi ilikuwa inakuja kesho yake, na magunia yangu hayajajaa. Nilijua karakana ya boti za faiba ina chupa nyingi, lakini mwalimu wa pale, Fundi Athmani wa Matondoni, hakutaka mtu aingie peke yake.

"Usiguse kitu humu mimi nisipokuwapo," alikuwa akiniambia kila mara. "Ngoja, nitakuteulia mwenyewe."

Nilimwona mzee mkaidi asiyejali mazingira. Alasiri alipokwenda msikitini, niliingia nikazoa kila chupa niliyoiona, za sakafuni na za rafuni.

Nyuma ya bweni tulikuwa na beseni kubwa la kulowekea. Nikaziloweka, nikaanza kubandua. Moja ilikuwa na maji nusu, meupe kabisa. Haikuwa na lebo ya kiwandani. Ilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa kalamu, na wino umeshaanza kuyeyuka ndani ya beseni.

Nilisita. Hapo ndipo ninaporudi kila siku ya Mungu. Nilijua hakuna kiwanda kinachoandika kwa mkono. Nilijua nimeitoa karakana. Lakini nilikuwa na haraka, na vidole vilishazoea kazi, nikaibandua kama nilivyobandua zile nyingine.

Kwa nini basi sikuyamwaga yale maji? Kwa sababu ya hotuba zangu mwenyewe. Nikasema moyoni, haya ni maji safi, kuyamwaga ni israfu, yatafaa kutawadhia. Nikaiweka chupa dirishani chumbani kwetu, upande wa kitanda changu, nikarudi kwenye magunia.

Swaleh alirudi jua linatua, hoi, ametoka kupeleka magunia gatini. Adhana ya magharibi ikaanza. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akisema bismillahi, nikamwona akiinua chupa na kupiga mafunda mawili makubwa, ya mtu aliyeshinda na kiu mchana kutwa.

Hayakuwa maji. Ilikuwa hadina, dawa wanayochanganya na faiba ili igande, na mwilini huchoma kama moto. Swaleh alishika koo akaanguka magotini. Sauti aliyoitoa sitaieleza hapa. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali huku nalia, na asubuhi wakampeleka Mombasa.

Usiku ule ule nilirudi kwenye beseni. Karatasi ilikuwa imelala chini kabisa. Nikaichukua, nikaitia ndani ya jiko la wapishi, nikasimama mpaka ikawa majivu. Mimi niliyekuwa nikigombana na wapishi wale wale wasichome taka.

Mkuu wa chuo alituita wote. Alitaka kujua nani ameweka sumu kwenye chupa ya maji bila alama. Fundi Athmani akasimama.

"Karatasi naliibandika kwa mkono wangu," akasema. "Naliandika kwamba ni sumu. Na chupa naliiweka rafuni."

Wakamwuliza karatasi iko wapi. Akatazama sakafu. Kisha wakanigeukia mimi, chupa ilifikaje chumbani? Nikasema labda Swaleh aliitoa kwenye magunia alipokuwa akibeba. Nilisema hivyo, jamani, mwenzangu yuko kitandani Mombasa na mpira puani.

Fundi Athmani alifukuzwa kazi. Amerudi kwao Matondoni, na nasikia hata huko watu wanasita kumpa boti atengeneze. Mimi nilisifiwa kwa kumwokoa mwenzangu.

Swaleh aliporudi kwao nilikwenda Siyu kumtazama. Sikumjua. Koo limefanya kovu ndani, likawa jembamba. Anakunywa uji mwepesi kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana na usiku. Daktari amemkataza kufunga maisha yake yote.

Mamake alinipokea kwa mikono miwili, akanivuta ndani. "Ndoo mwanangu, ndoo uketi. Weye ndiye uliyembeba. Mngu akulipe kheri."

Akaniletea tende na kahawa. Swaleh akazitazama zile tende, kisha akanitazama mimi. Mamake alipoinuka kwenda jikoni, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Wamenambia mimi ndiye naliitoa guniani. Mimi naliikuta dirishani."

Mamake akarudi na buli, nikanyanyua kikombe nikanywa. Tangu siku hiyo sijarudi Siyu.

Nyinyi mlio vyuoni na klabu zenu za mazingira, endeleeni, kazi ni nzuri. Lakini msiingie mahali pa mtu bila yeye kuwapo, na chupa usiyojua ilikotoka usiiweke ndani, hata iwe safi namna gani. Ukikuta karatasi iliyobandikwa kwa mkono, isome. Aliyeibandika alikuwa anakwambia kitu.

Na kama kosa lako limebebwa na mwingine, nenda ukamtue ungali na uso wa kumtazama. Usingoje kama mimi. Matondoni si mbali, watu huenda kwa miguu asubuhi wakarudi kabla ya adhuhuri. Mimi bado sijakwenda.