Kinyonga Juu ya Tumbo Langu

Niliolewa vilima vya Gwasi miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea Suna, na mdomo wangu nilikuja nao. Nyuma ya boma la mama mkwe kulikuwa na kipande cha msitu, na ndani yake chemchemi. Hapo ndipo nilipowaona: vinyonga wadogo kama kidole gumba, mkia mfupi, rangi ya jani kavu. Vinyonga wa mashambani niliwajua tangu utotoni, lakini hawa sikuwa nimewaona popote, wala sijawaona kwingine hadi leo.

Mwaka wa kwanza sikushika mimba, na maneno ya pale bomani yalinichosha. Nikienda kuteka maji nilikaa kuwatazama. Wao hawakuniuliza kitu.

Nilipokuwa na mimba ya miezi saba, mashemeji zangu wawili walikuja na mapanga na debe la mafuta ya taa. Walitaka kuuchoma msitu wapande mahindi, tena waondoe mkosi, kwani kinyonga akimgusa mjamzito, walisema, mtoto huzaliwa kilema.

"Tunakulinda wewe, nyar Suna," mkubwa aliniambia, maana kule mke huitwa binti wa kwao.

Eti kunilinda. Nilipandwa na hasira, nikaingia chini ya miti, nikamchukua kinyonga mmoja na kumweka juu ya tumbo langu, mbele yao. Akatambaa polepole mpaka kitovuni. Mashemeji walirudi nyuma. Mama mkwe alishika kichwa akalia kama yuko matangani. Maishani mwangu sijasimama wima kama siku ile, na najivunia mpaka kesho.

"Mtoto akizaliwa mzima," nikasema, "msitu huu hamuugusi."

"Na akizaliwa na kasoro?"

"Chomeni mpaka mzizi wa mwisho."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini nisidanganye, miezi miwili ile niliogopa sana. Kila mtoto alipotulia tumboni nilijigusagusa ubavuni hadi apige teke.

Msichana alizaliwa alfajiri. Mama mkwe, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile, alimfungua nguo akamkagua kidole kwa kidole, masikio, mgongo, mpaka ndani ya kinywa. Kisha akasimama mlangoni, akawaita wanawe kwa sauti iliyofika bondeni.

"Rudisheni hayo mafuta dukani. Na atakayekata hata kijiti pale, aanze na mimi."