Tundu la 1914

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikasimama nje ya duka la sarafu kwa sababu niliona aibu kubonyeza kengele. Nilikuwa nimetoka Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi hapa Dallas, kwa treni na basi. Kabla ya hapo nilifunga maboksi ghalani, na shule yangu ni ya msingi tu, niliyoisoma katika kambi ya wakimbizi. Mwenye duka, Mtanzania wa umri wa babu yangu, alinikuta kwenye baridi.

"Binti, huo mlango hauumi," alisema.

Sote dukani tulimwita Mzee. Alinipa kiti, kitambaa cha kijani na kopo la senti za zamani.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, niwaeleze ilivyo. Mkusanyaji wa sarafu za Marekani huwa na albamu yenye matundu. Kila tundu lina mwaka wake na herufi ndogo ya kiwanda: D ni Denver, S ni San Francisco. Matundu mengi hujaa upesi. Machache hubaki wazi miaka na miaka, kwa sababu mwaka ule kiwanda kile kilitengeneza sarafu chache. Hizo tuliziita tarehe ngumu. Senti ya 1914 yenye D ni mojawapo, na katika albamu ya Mzee mwenyewe lilikuwa limebaki tundu hilo moja tu.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kutenga senti kwa herufi. Lakini zilikuwa nyeusi, na mimi nimelelewa kwamba mtu mzima hapewi kitu kichafu. Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, niliziosha zote kwa ndimu na chumvi, kama tulivyosugua sufuria kambini. Zikang'aa. Nikazipanga mistari, nikangoja sifa.

Mzee alirudi, akatazama, akavuta kiti.

"Umeziosha?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwanangu, ukimpaka mzee rangi kichwani hawi kijana. Anakuwa mzee mwenye rangi kichwani."

Ndipo nilipojua kwamba ile rangi nyeusi ndiyo umri wa sarafu, na mkusanyaji haitaki iliyosuguliwa. Moja katika lile kopo ilikuwa ya maana, nami nilikuwa nimeiharibu. Nilianza kufunga mkoba wangu.

"Unakwenda wapi? Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Niliogopa kusema."

Alichukua lenzi yake ndogo ya kukuzia, akaiweka juu ya ile senti niliyoiharibu. "Basi iwe hivi. Siku ukiwa na neno na mdomo haufunguki, weka lenzi juu ya sarafu. Nitajua unaniambia nitazame tena."

Ikawa desturi ya duka. Hatukumwambia muuzaji mbele za watu kwamba kitu chake ni cha bandia. Lenzi iliwekwa, mtu akatazama mwenyewe, akaondoka na heshima yake. Kwa miaka sita mimi nilisema hivyo zaidi kuliko kwa mdomo.

Mzee alinifundisha polepole, nami niliandika maneno yake polepole, kwa hiyo tulipatana. Alinifundisha kushika sarafu ukingoni, si usoni. Alinifundisha kwamba mwaka ndio kitu cha mwisho kutazama, maana mwongo huanza kazi yake hapo.

"Anachukua senti ya 1944," alisema, "anaichonga ile nne ya kwanza mpaka iwe moja. Wewe nenda begani kwa Lincoln, huyu rais aliye usoni mwa senti. Herufi tatu za mchongaji ziliwekwa hapo mwaka 1918. Ukizikuta kwenye senti ya 1914, ujue huyo ni mtoto aliyevaa koti la baba yake."

Baadaye alinihamishia kwenye meza ya maonyesho ya sarafu. Kila baada ya miezi michache tuliendesha gari kwenda Houston, tukapanga trei zetu ukumbini upande wa Alief. Pale wateja walizungumza nami, nikajifunza kujibu, ingawa kwa sauti ndogo.

Safari ya mwisho macho ya Mzee yalikuwa na ukungu. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anastaafu, na watu wengi walikuja mezani kumuaga. Mmoja wao alikuwa Mkenya, mfanyabiashara mwenzetu wa siku nyingi. Alileta kijibahasha.

"Mzee, nimekutafutia hii kila mahali. Nineteen fourteen, D. Uende home ukiwa umemaliza."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Alisoma mwaka, akaigusa ile D kwa ukucha. Akacheka kama mtu aliyepigiwa simu na mwanawe. Kisha akasukuma mbele trei nzima ya dola zake za fedha, alizozitunza tangu kabla sijazaliwa.

"Chukua. Tubadilishane."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, nikaona bega. Herufi tatu zilikuwepo.

Nilijiambia ninyamaze. Ni siku yake, na ni mtu mzima mbele ya rafiki zake. Lakini ningenyamaza, angefunga albamu juu ya uongo, na kwa macho yale asingeujua kamwe. Niliweka lenzi juu ya senti.

Makofi yalikwisha. Mzee alinitazama mimi kwanza, kisha akainama, akakaa kwenye lenzi muda mrefu.

"Koti la baba," alisema taratibu.

Mkenya akaichukua, akatazama pia, akairudisha ile trei. "Aki, Mzee, hata mimi wamenicheza. Pole sana."

"Hujanikosea. Hebu kaa, unywe chai."

Njiani kurudi Dallas mimi niliendesha, Mzee akitazama barabara. Nilidhani nimemwaibisha. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Leo umesema kwa sauti kubwa sana, binti."

Siku hizi anapumzika kwake Cedar Hill, nje kidogo ya Dallas, nami nakaa kwenye kiti chake dukani. Nikienda kumwamkia huwa ana wageni, na albamu iko mezani. Haanzi na zile tarehe ngumu alizozipata. Anatafuta kwa kidole, maana haoni vizuri, mpaka afike kwenye tundu la 1914, lililo wazi bado.

"Hapa," anawaambia, akinishika bega, "ni pa huyu."